Picha ya Kutazama na Picha ya Kujengea

Usiku wa tarehe 29 Januari 1996 ukumbi wa La Fenice, mjini Venice nchini Italia, ambamo huchezwa opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa pamoja na okestra, uliwaka moto, na kulipopambazuka zilikuwa zimesalia kuta za nje tu, zimezunguka kifusi. Sisi wa Lamu tungedhani kwamba mji uliozungukwa na maji hauwezi kushindwa na moto, lakini mifereji iliyo jirani na jengo hilo ilikuwa imekaushwa ili isafishwe, na maboti ya zimamoto hayakuweza kusogea. Baadaye mahakama iliwatia hatiani mafundi wawili wa umeme waliokuwa na kazi humo, kwa kosa la kuuchoma ukumbi kwa makusudi. Hayo tuwaachie mahakimu. Mimi ni mpiga picha wa majumba, na linalonishughulisha ni lile lililofuata: mji uliamua kwamba ukumbi ujengwe upya kama ulivyokuwa na mahali ulipokuwa, na papo hapo likazuka swali la mafundi, kwamba ulikuwaje hasa?

La Fenice ulifunguliwa mwaka 1792, ukaungua mwaka 1836, na ndugu wawili wa ukoo wa Meduna wakausimamisha tena mwaka uliofuata. Ukumbi uliopotea mwaka 1996 kwa hiyo ulikuwa wa tangu 1837, na ndani yake ulijaa nakshi za plasta na mbao zilizopakwa dhahabu, taa, mapazia na michoro ya dari. Michoro ya wasanifu huonyesha kuta ziko wapi na zina unene gani, lakini aghalabu haikwambii jani la nakshi limejikunja kuelekea wapi, wala dhahabu yake ilikuwa kali au imefifia. Hapo ndipo picha zilipohitajika. Ramani ya ujenzi mpya ilikuwa ya Aldo Rossi, msanifu aliyefariki mwaka 1997 kabla ya kuuona ukumbi umesimama, na waliotekeleza kazi hiyo walizipekua picha za zamani, zikiwemo zile za filamu ya Luchino Visconti iitwayo Senso, ya mwaka 1954, ambayo inaanzia ndani ya La Fenice na ilipigwa kwa rangi. Tarehe 14 Desemba 2003 milango ilifunguliwa tena.

Mwanzo huo wa filamu nimeutazama kwa jicho la kazi yangu. Watu wamekaa wakisikiliza opera; kamera inaanza jukwaani, inageukia watazamaji, inapanda hadi roshani ya juu kabisa walikosimama watu wa kawaida, na kutoka huko karatasi za rangi za bendera ya Italia zinamwagwa chini. Visconti hakuwa akitunza kumbukumbu za jengo. Alikuwa akisimulia habari ya mapenzi na vita. Lakini kwa sababu kamera yake ilizunguka, ikatazama juu, chini na kwa upande, iliyaona mambo ambayo mpiga picha anayesimama katikati na kupiga picha moja nzuri hawezi kuyaona: ubavu wa vijichumba vya watazamaji, upande wa chini wa roshani, unene wa nakshi pale mwanga unapoipiga kwa pembeni.

Nasema hivi kwa kuwa picha za kumbi za opera zinazosambaa leo, na ambazo vijana wengi wanaojifunza upigaji picha hapa Lamu huzihifadhi simuni mwao, karibu zote zimepigwa kutoka mahali pamoja. Mpiga picha husimama jukwaani, katikati kabisa, anapokanyaga mwimbaji, akaipa mgongo sehemu ya michezo na kuielekeza kamera kwenye viti. Mmarekani David Leventi ameupiga hivyo msururu mrefu wa kumbi za dunia kwa kamera kubwa za filamu, na Mjerumani Candida Höfer, aliyezaliwa mwaka 1944, amejulikana kwa kupiga picha kumbi, maktaba na majumba yakiwa hayana mtu hata mmoja, kwa mwanga uliomo humo. Sina neno juu ya kazi zao. Mahali pale wamepachagua kwa sababu nzuri. Ukisimama upande wa pili, kwenye kijichumba cha kifalme kilicho mkabala na jukwaa, unachokiona mbele yako ni pazia. Ukumbi wenyewe uko nyuma yako na ubavuni.

Aliyewahi kuziona kumbi za mtindo wa Kiitaliano, kwa mfano La Scala ya Milan iliyofunguliwa mwaka 1778, anajua kwamba zimejengwa kwa umbo la kwato ya farasi, vijichumba vikapangwa safu juu ya safu kuuzunguka ukumbi. Vilivyo ubavuni karibu na jukwaa huona jukwaa kwa shida, lakini huona vizuri sana vijichumba vya ng'ambo. Waliovikodi walijua wanachokifanya. Walikuja kusikiliza, ndiyo, na walikuja pia kuonekana, kama vile harusi zetu ambazo mtu huvaa kwa ajili ya macho ya wageni wenzake kuliko ya bibi harusi. Jengo la namna hiyo lina sura yake kamili kwa mtu mmoja tu, naye ni yule aliyesimama jukwaani, na ndiyo maana picha ya kutoka hapo huvutia mno.

Ugumu wake, hata hivyo, si mdogo. Kwanza ni mwanga. Chukua ukumbi wa Palais Garnier wa Paris, uliofunguliwa tarehe 5 Januari 1875: katikati ya dari inaning'inia thurea ya shaba na bilauri yenye uzito wa takriban tani 7, viti ni vya mahameli nyekundu, na ndani ya vijichumba mna giza kabisa. Ukiipima kamera kwa ajili ya thurea, mahameli inakuwa nyeusi. Ukiipima kwa ajili ya mahameli, thurea inakuwa doa jeupe lisilo na taa hata moja. Wanaotumia kamera za dijitali hupiga picha kadhaa bila kuisogeza stendi, kila moja na muda wake wa kuingiza mwanga, kisha huziunganisha. Na wengi huziunganisha kwa pupa, wakamulika hata vivuli ambavyo msanifu alivitaka vibaki vivuli, hadi ukumbi wa miaka 150 ukatoka unang'aa kama umepakwa rangi jana. Mimi picha za namna hiyo huzifunga bila kuzimaliza.

Pili ni rangi. Jengo la Garnier lilipofunguliwa liliwashwa kwa gesi, na dhahabu yake ilichaguliwa na watu waliozoea mwanga wa njano. Leo taa zimebadilika, na kamera, ambayo hujaribu kulisawazisha kila jambo, huivuta dhahabu kuelekea kijani au huifanya nyekundu ya viti ikaribie zambarau. Dawa yake ni kuweka kadi ya rangi mbele ya lenzi katika picha ya kwanza, ili baadaye uwe na kitu cha kulinganishia badala ya kutegemea kumbukumbu ya macho, ambayo hudanganya ndani ya saa moja.

Tatu ni mistari. Ukiinua kamera kidogo ili uipate dari, nguzo zote huanza kuegemeana. Wenye uwezo hutumia lenzi zinazosogea juu na chini huku kamera yenyewe ikibaki wima. Sisi wengine huirudisha kamera sawasawa, tukapiga eneo kubwa kuliko tunalolihitaji, kisha tukakata. Na lenzi pana ina kosa lake jingine, nalo ni kuvitanua vilivyo karibu na kuvifinya vilivyo mbali, kiasi kwamba kijichumba cha ubavuni kinaonekana kikubwa kama sebule ilhali cha kifalme, kilicho kitovu cha ukumbi, kinakuwa kama kiberiti.

Juu ya hayo yote kuna ruhusa na saa. Ukumbi wa opera ni mahali pa kazi: asubuhi mafundi wanajenga mandhari ya mchezo, mchana waimbaji wanafanya mazoezi, usiku watu wanakuja. Nafasi ya mpiga picha ni ule mwanya ambapo mandhari ya jana imeondolewa na ya leo haijaletwa, na mwanya huo huwa mfupi.

Picha hiyo ya katikati, pamoja na uzuri wake na jasho lake, ni picha ya kutazama. Fundi hawezi kuijengea. Haina kina, kwa sababu mwanga na jicho vimetoka upande mmoja. Haina vipimo, kwa sababu lenzi imevibadilisha. Na haina nyuma ya kitu chochote. Palais Garnier huohuo una bahati ambayo kumbi nyingi hazina, kwamba wakati wa ujenzi wake wapiga picha Delmaet na Durandelle waliajiriwa kupiga picha kazi ilivyoendelea, ikiwemo sanamu na nakshi moja moja kabla hazijapandishwa mahali pake. Ni picha kavu zisizomfurahisha mtu ukutani, nami naziona kuwa za thamani kuliko nusu ya picha za thurea zilizopigwa tangu hapo. Na dari ya ukumbi huo imekwisha kubadilika: mchoro wa Marc Chagall uliowekwa mwaka 1964 umeufunika ule wa Lenepveu, ambao bado uko nyuma yake, na mgeni anayepiga picha leo hana njia ya kuuona.

Afrika nayo ina hadithi yake, isiyo na mwisho kama wa Venice. Mwaka 1869, wakati Mfereji wa Suez unafunguliwa, Khedive Ismail wa Misri alijengewa ukumbi wa opera mjini Cairo, sehemu kubwa yake ikiwa ya mbao, na ni humo ambamo opera iitwayo Aida, ya mtunzi Verdi, ilichezwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1871. Tarehe 28 Oktoba 1971 ukaungua wote. Haukujengwa tena. Mahali pake pakawekwa jengo la kuegesha magari, na uwanja ulio mbele yake bado unaitwa Uwanja wa Opera. Ukumbi mpya uliofunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa Japani uko mahali pengine, kisiwani Gezira, na ni jengo jingine kabisa.

Karibu na sisi zaidi, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka. Siku zile mitandao ilijaa picha za jengo hilo, na karibu zote nilizoziona zilikuwa za uso wake, zimepigwa kutoka Forodhani, na baadhi zina machweo.

Sasa niingie Mkomani, mtaa wetu wa hapa Lamu, ambako ndiko kazi yangu iliko. Lamu haina ukumbi wa opera wala haikuuhitaji, lakini ina nyumba za mawe za karne ya 18 na ya 19 ambazo ndani yake nakshi za chokaa hazina cha kuzionea haya nakshi za Venice. Ukiingia unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unakata kona, unatokea kwenye kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba ulio wazi juu, kisha unapanda kidogo kwenye misana, vyumba virefu vinavyofuatana, msana wa tini (wa chini) na msana wa yuu (wa juu), na mwisho chumba kiitwacho ndani, ambako ukuta wa nyuma umejaa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu kwa safu, zilizowekewa zamani bakuli za kauri kutoka China. Mwanga unatoka kiwandani na unapungua kila unapoingia, hadi unapofika kwenye zidaka ni mwanga uliokwisha kugonga sakafu na kuta tatu. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake umeamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambao haukuruhusu chumba kuzidi sana mita 3. Opera ni kubwa mno na msana ni mwembamba mno, lakini mpiga picha anafika kwenye kosa lilelile: anachukua lenzi pana, anasimama katikati, na msana unatoka picha ya ukumbi wa hoteli.

Familia moja ya mtaani kwetu ilikuwa na ukuta wa zidaka ulioanza kubanduka kwa unyevu, na safu mbili za chini zilikuwa zimekwisha kudondoka zamani. Walikuwa na picha za ukuta huo, zilizochapwa katika jarida moja la wasafiri wakati ulipokuwa mzima, na wakampelekea fundi mzee ili afuatishe. Nilikuwepo barazani. Mzee alizishika, akazisogeza mbali na macho, akazigeuza kuelekea mwanga wa ujia, kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye mwenye kamera: "Mwanangu, kidaka hiki kimeingia shibiri ngapi?" Nikamwambia, "Haionekani, baba." Akaweka kidole kwenye ukingo wa nakshi, pale palipokuwa pameng'aa kwa flashi. "Na hapa, fundi wa kwanza alikata wima ama alilaza kisu?" Hilo nalo halikuonekana. Akazirudisha picha kwa mwenye nyumba kwa adabu zake zote. "Ya kutazama ni hini. Ya kujengea i wapi?"

Picha ya kujengea si ngumu kuliko ile nyingine. Inahitaji subira na kukubali kwamba hakuna atakayeisifu. Nakshi ya chokaa huonyesha kina chake kwa kivuli, na kivuli hupatikana kwa mwanga unaolala juu ya ukuta, si unaoupiga usoni. Mimi huzima flashi, nikaweka taa moja ndogo pembeni, karibu kabisa na ukuta, nikapiga. Kisha nikaihamishia upande wa pili, nikapiga tena bila kuisogeza kamera. Mkato uliolazwa na mkato uliosimama hutoa vivuli tofauti, na fundi anayejua kazi yake huvisoma mara moja. Pembeni mwa kila picha huweka fimbo iliyoandikwa sentimita, na kwa mafundi wetu wakubwa huongeza alama za shibiri na dhiraa, kwani ndizo walizo nazo mkononi. Kisha hupiga ukuta wote kwa picha zinazopandana, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia, ili siku ikipatikana kompyuta ya kutosha ziweze kuunganishwa kuwa umbo lenye kina. Mwishoni ndipo hufuata zile sehemu zisizotakiwa na mtu yeyote: chini ya ngazi, nyuma ya mlango, pale boriti zinapoingia ukutani, na ufa.

Kwa nyumba zenye kiwanda, saa nzuri ni kuelekea adhuhuri, jua linapoingia kiwandani moja kwa moja na sakafu ikalirusha juu kwenye misana. Wageni husisitiza machweo. Machweo ni ya pwani na majahazi. Ndani ya nyumba ya mawe hayaleti kitu.

La Fenice ulikuwa na bahati nyingine inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Muda mfupi kabla ya moto ule, wataalamu wa sauti wa Kiitaliano waliingia humo na vyombo vyao wakapima jinsi sauti inavyosafiri kutoka jukwaani hadi vitini, na vipimo hivyo vikabaki baada ya ukumbi kuteketea. Kwa hiyo waliojenga upya hawakuwa na sura tu. Walikuwa na sauti ya nyumba iliyokufa, wangeweza kuilinganisha na ya iliyozaliwa. Sijaona mtu akipima sauti ya msana wa Lamu, ingawa kila aliyehudhuria maulidi ya nyumbani anajua kwamba kaswida inayosomwa msana wa yuu haisikiki kama ile ile inayosomwa kiwandani.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, ambayo mpiga picha wa opera hana haja ya kuifikiria na mimi siwezi kuikwepa. Ukumbi wa opera umejengwa ili uonekane. Ukumbi ukiwa mtupu hauna siri. Ndani ya nyumba ya Mkomani kumejengwa ili kusionekane. Kona ile ya daka imekatwa makusudi ili jicho la mpita njia likwame, na nyumba nzima imepangwa kwa kumlinda aliye ndani. Hakuna sifa ya sanaa wala cheo cha urithi wa dunia ambacho UNESCO iliupa mji wa Lamu mwaka 2001 kinachompa mtu haki ya kuitandaza ndani ya watu mtandaoni. Mimi hubisha hodi, nikamsubiri mama mwenye nyumba aseme, na anaposema kiwanda na misana tu basi ni kiwanda na misana tu. Anaporuhusu ndani, picha zile hazipandi kwenye ukurasa huu. Nimewahi kulaumiwa kwa hilo na mhariri mmoja aliyesema naficha urithi wa dunia. Urithi ni wa dunia, chumba ni cha watu.

Kwa hiyo picha zile za ukuta wa zidaka, zilizopigwa na taa ya pembeni kabla ya safu nyingine kudondoka, hazimo humu, wala msizitafute. Nilipozimaliza nilimpelekea bibi wa nyumba hiyo katika simu, akazitazama kidogo na kusema simu huibiwa na huanguka majini, na chumvi ya hapa hula kila chenye waya. Akataka zichapwe kwenye karatasi, seti mbili: moja ikae sandukuni mwake pamoja na hati za nyumba, na ya pili apewe fundi, kwa sharti kwamba airudishe kazi itakapokwisha.